Mwaka Pombe Ilipokataa Kuiva

Mwaka ule tulikula ugali wa muhogo kuanzia Pasaka mpaka senene walipoanguka. Mtu wa Karagwe akikuambia hivyo usimuulize ilikuwa tarehe ngapi, mpe pole. Sisi ni watu wa ndizi. Mnyambo asipokula ebitoke, ndizi zetu za kupika, hajala, hata kama tumbo limejaa mpaka anahema. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama, mchana muhogo na maharage, jioni muhogo na yale maharage yaliyobaki, na wajukuu wangu walikuwa wananiuliza, "Bibi, chakula kiko wapi?" huku sahani zimejaa mbele yao. Migomba ilikuwepo. Ilikuwa imeizunguka nyumba pale Ihembe kama siku zote, ila imekufa imesimama. Majani yamekunjika na kuning'inia, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukikata shina linatoka usaha wa manjano. Bwana shamba aliuita mnyauko. Majirani waliuita unyanjano. Mimi sikuuita jina lolote, kwa sababu niliuingiza nyumbani mwenyewe, kwa mkono huu wa kulia.

Nimeukumbuka mwaka huo juzi, tulipomzika mdogo wangu Byarugaba kule Igurwa. Nilikaa jikoni na wanawake wanaomenya ndizi za msiba, maana miguu yangu siku hizi haitaki jua, na pazia la mlango lilikuwa limeshushwa. Nje ya pazia mjane wake, Mama Agripina, alikuwa anawaambia wageni waliotoka Nkwenda, "Huyu tunamzika nusu. Mguu wake ulibaki Ihembe, kwenye chumba chenye kufuli." Humo jikoni visu vilisimama, halafu vikaendelea. Mwanamke aliyekaa karibu nami akanisogezea kikapu, akanong'ona, "Menya tu, Bibi, usisikilize." Nikamwambia nimeshasikia, na kwamba huyo mjane amesema kweli kwa jinsi anavyoijua. Watu husema mtu hukomaa ujanani. Ujana wangu ulipita na sikuona umeniachia nini. Mimi nilikomaa nikiwa na mvi kichwani, na darasa la nne langu, na wajukuu sita, katika ule mwaka wa muhogo.

Ulianza na kisu. Jirani yangu Mama Devota aliugua mgongo, akaniomba nimsaidie kupunguza machipukizi kwenye migomba yake. Nilikwenda asubuhi, nikafanya kazi mpaka mchana, nikala kwake, nikarudi, na kwa kuwa mkono ulikuwa bado na moto nikaendelea na migomba yangu kwa kisu kilekile. Bwana shamba alikuwa ameshapita kanisani kututangazia: kila ukimaliza mgomba mmoja, pitisha kisu kwenye moto kabla hujagusa mwingine, ugonjwa unasafiri kwenye kisu. Nilimsikia vizuri. Nilikaa benchi la pili. Nikasema moyoni kwamba kijana huyu anawaambia wanawake wachafu, mimi kisu changu nakisugua kwa majivu kila jioni kinang'aa. Baada ya wiki chache mgomba wa kwanza ulikunja majani nyuma ya nyumba, kisha wa pili, kwa kufuata njia niliyopita siku ile, mgomba kwa mgomba, kana kwamba mtu anasoma nyayo zangu. Nilikuwa nimesimama nikaiona njia hiyo yote kwa macho. Sikumwambia mtu.

Kokusima alikuja wakati wa kuanika kahawa. Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza, ndiye aliyenifanya nitembee shingo imenyooka, kwa sababu alisoma darasani, akasoma sekondari, akasoma chuo kikuu, akamaliza na bado akaendelea kusoma. Alikuja na maboksi mawili na begi la nguo dogo, akaomba chumba changu cha kahawa. Niliihamisha kahawa, nikafagia, lakini harufu ya maganda makavu haikutoka, na mpaka leo nikiingia mle naisikia chini ya harufu nyingine zote. Akaweka meza, jiko la mkaa, mizani ndogo ya kupimia kitu kidogo kuliko punje ya chumvi, na visahani vya kioo vyenye kitu kama uji ulioganda. Asubuhi alikwenda kuchuma mubirizi kwenye uzio, ule mti mchungu tunaochemsha tumbo likisokota. Aliyaosha majani, akayakausha kivulini, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa mara tatu.

Mama Devota alikuja kuangalia, mkono kiunoni. "Mwenzangu, huyu mtoto kasoma miaka yote hiyo ili aje kuchemsha mubirizi? Mimi nachemsha bila cheti."

"Shikamoo Bibi Devota," Kokusima akamjibu bila kuinua macho. "Wewe ukichemsha unakunywa. Mimi nikichemsha naandika."

"Marahaba. Basi andika kwamba ni mchungu."

Kisha akatoa mrututu. Niliujua mara moja, yale mawe ya buluu. Mama yangu alikuwa akitupondea mrututu kwenye vidonda, tukipiga kelele mpaka majirani wanadhani kuna msiba, na wenye kahawa wamenyunyizia maji yake tangu nikiwa msichana. Kokusima aliuyeyusha kwenye maji, akaupasha moto, akadondosha maji ya mubirizi tone baada ya tone. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa kahawia, na ikabaki hivyo. Aliniambia kwamba ndani ya mrututu kuna shaba, na kwamba jani limeikamata ile shaba na kuifanya chembe. Nikamuuliza chembe ya ukubwa gani. Akachukua punje moja ya ulezi, akaiweka kiganjani mwangu. "Bibi, igawe hii kwa watu wa Karagwe wote. Halafu kila mmoja akagawe kipande chake kwa watu wa Kyerwa wote. Bado ni kubwa." Huko kwingine, alisema, chembe za namna hii hutengenezwa kwa dawa kali, na ukimaliza kazi una ndoo ya sumu hujui pa kuimwaga. Mwalimu wake alitaka kujua kama jani linaweza kufanya kazi hiyo badala ya dawa hizo kali, kwa jiko la mkaa, kwa gharama ambayo mkulima anaiweza. Akichukua usaha wa migomba yangu iliyokufa akaupaka kwenye kisahani, vidudu vinaota mpaka kisahani chote kinakuwa na utando wa manjano. Akidondosha dawa yake katikati, panabaki duara safi, kitu hakioti. Alinionyesha duara hilo dirishani. Nilikishika kisahani mikononi kama mtu anayeshikishwa mtoto mchanga. Nikafikiri, hiki ndicho kilichoua shamba langu, na damu yangu imekiua.

"Kwa hiyo ni salama," nikasema.

"Ndicho ninachokitafuta, Bibi."

"Si ni jani?"

"Ni jani na shaba. Kama ni salama kwa mtu, kwa udongo, kwa mnyama, bado sijui."

Ile "bado" niliitupa palepale mlangoni. Jumapili nilisimama nje ya kanisa nikawaambia watu kwamba mjukuu wangu ametengeneza dawa inayoua kila uchafu na haina madhara, imetokana na mubirizi. Nilisema hivyo Nkwenda sokoni, kwa watu ambao hata hawakuniuliza. Mwenye fahari husikia nusu, na ile nusu huitangaza nzima.

Maji aliyooshea vyombo vyake Kokusima hakuyamwaga ovyo. Aliyakusanya kwenye madumu ya manjano nyuma ya mlango, mengine akayapima na kuyamwaga mahali pamoja tu kando ya shamba, juu ya matandazo ya majani ya migomba, akachomeka vijiti vinne kuzunguka mahali hapo. "Haya usiyaguse, Bibi," aliniambia. Sasa mimi nimelelewa kutotupa kitu. Maji ya kuoshea mchele tunampa ng'ombe, maganda ya ndizi tunampa mbuzi, majivu tunayapeleka chooni. Nilikuwa nayaangalia yale madumu yamejaa, na pembeni ya nyumba kulikuwa na mtumbwi wetu wa pombe, ule wa mti mzima uliochongwa, aliouacha baba. Mtumbwi huo ulikuwa na tatizo. Pombe mbili za mwisho zilikuwa zimegeuka siki kabla ya wageni kumaliza kibuyu cha kwanza, na kwenye nyufa za mbao mlikuwa na ukungu mweusi usiotoka hata kwa mchanga. Na ilikuwa imebaki wiki moja wageni kutoka Nkwenda waje Igurwa kwa Byarugaba kuzungumza habari za kumchukua binti yake Agripina. Pombe ya posa ilikuwa juu yangu, kama dada mkubwa. Kokusima alipokwenda mjini kutafuta vifaa, nikamimina madumu mawili ndani ya mtumbwi, nikayaacha siku mbili mbao inywe, nikamwaga yaliyobaki, nikauanika juani. Ukungu ulikwisha. Mbao ilitoka na rangi ya kahawia nzuri, inanukia kama jani. Sikuusuuza. Mtu hasuuzi dawa.

Ndizi za pombe tulizipata kwa shida, kutoka kwa watu ambao mnyauko haukuwa umewafikia. Byarugaba alikuja mwenyewe kukanyaga, maana katika familia yetu yeye ndiye mwenye miguu. Kukanyaga ndizi mbivu kwenye mtumbwi si kurukaruka. Unaweka nyasi, unaweka ndizi, unakanyaga kwa kisigino, unageuza, unasikiliza, mpaka juisi inajitenga na kuwa safi. Alikunja suruali mpaka magotini, akanawa, akaingia. Visigino vyake vilikuwa na magaga ya kupitisha kidole, nami nikamtania kwamba wakwe watakunywa udongo wa Igurwa wote.

"Wakinywa udongo wangu ndiyo watajua wameoa wapi," akasema. "Na wewe dada, mtumbwi umeufanyaje? Unanukia hospitali."

"Nimeuosha kwa dawa ya mjukuu wangu. Leo utakanyaga usomi."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa mtumbwi. Alikanyaga asubuhi nzima akiimba, juisi ikimfika vifundoni. Tukachuja, tukarudisha, nikatia mtama uliokaangwa na kusagwa, nikafunika kwa majani ya migomba, nikaweka magogo juu.

Pombe ikiwa inaiva inaongea. Kila anayepika anajua sauti hiyo, unaisikia kwenye majani kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Kesho yake alfajiri nikaenda nikainamisha sikio. Kimya. Nikasema ni baridi. Nikarudi jua lilipopanda, nikaondoa jani moja. Hakuna povu. Mtama ulikuwa umelala chini kama mchanga wa mtoni, na juu juisi imetulia, inang'aa, nikauona uso wangu humo. Nimepika pombe tangu nikiwa na titi changa na sijawahi kuona uso wangu ndani ya pombe. Nikaongeza mtama. Nikaifunika kwa mablanketi. Siku ya pili wageni walikuwa njiani tayari, ikabidi tuipakie vilevile kwenye madumu kuipeleka Igurwa.

Msemaji wa wageni alikuwa mzee mpole mwenye koti. Nilionja kwanza mbele yao kama ilivyo desturi, nikampa kibuyu na mrija. Akavuta. Akakaa nayo mdomoni. Akameza. Akaweka kibuyu chini taratibu, kama anayeweka yai.

"Mama," akasema, "hii ni ya watoto."

"Imechelewa kidogo, waitu, mzee wetu. Hali ya hewa."

"Ina siku ngapi?"

"Mbili."

Bibi mmoja waliyekuja naye, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, akasema kwa Kinyambo, bila kumlenga mtu, kwamba nyumba ambayo pombe inakataa kuiva kuna kitu kimeingia. Hakurudia. Walikula, wakashukuru, wakasema watatuma habari. Habari haikuja mpaka miezi mingi baadaye, na waliporudi walikunywa soda. Lakini siku ile walipoondoka tu, minong'ono ikaanza. Ndani ya siku tatu ilikuwa imempata mtu: Mama Devota. Alikuwa na binti asiyeolewa, alipita uwanjani kwangu wakati tunakanyaga, alicheka. Nilikuta wanawake kisimani wamenyamaza alipofika na ndoo yake, naye alikuwa ameinama anateka kama hajui. Niliiona shingo yake ilivyoinama. Hapo ndipo nilipotua ndoo yangu nikawaambia wote mambo mawili, moja baada ya jingine. Pombe niliiharibu mimi kwa dawa. Na migomba yangu niliiua mimi kwa kisu. Mama Devota akainuka na ndoo yake. "Kumbe," akasema, "na ulikula mchana kwangu siku ile." Hilo tu.

Kokusima aliporudi nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikwenda kwenye mtumbwi, akakwangua mbao kidogo, akatia kwenye kichupa, akaandika. Kisha akanishika mkono akanipeleka kando ya shamba kwenye vile vijiti vinne. Nilikuwa nimepita pale kila siku sikuangalia. Pande zote matandazo yalikuwa yameoza, yamekuwa meusi na laini, ukiyafunua mvuke unatoka na minyoo inakimbia kujificha. Ndani ya vijiti majani ya migomba yalikuwa palepale alipoyaweka, manjano, makavu, yanalia ukiyakanyaga kama karatasi. Akayafunua. Chini yake udongo ulikuwa umetulia. Hakuna mnyoo, hakuna sisimizi, hakuna uzi mweupe wa kuvu. Sijawahi kuogopa maiti, nimeosha wengi. Pale niliogopa. Shamba la ndizi linaishi kwa kuoza. Mahali pasipooza hapalishi mtu.

"Imeua vidudu vibaya, imeua na vile vizuri," Kokusima akasema. "Niliona hapa wiki tatu zilizopita, Bibi, nikajiambia labda ni jua. Pombe yako imenijibu swali nililokuwa nalikwepa."

"Si ulisema jani halina sumu?"

"Nilisema natafuta. Wewe ndiye uliyesema."

Alikaa mwezi mzima akianza upya, anapunguza, anapima, anakosea. Alipoondoka kurudi chuoni aliacha chupa moja ya kahawia kwenye rafu ya chumba cha kahawa, imefungwa kwa nta, kwa sababu alitaka kujua ikikaa miezi mitatu kwenye joto la nyumba ya kawaida itabaki ilivyo au itageuka. Akafunga mlango kwa kufuli. Ufunguo akaniwekea mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Asiiguse mtu. Wala wewe." Niliufunga kwenye ncha ya kitenge, na nilikuwa nalala nao.

Byarugaba alijikata mguu akichimbua migomba iliyokufa shambani kwake. Jembe liliteleza, kidonda kidogo juu ya kifundo, kama mdomo. Akakipaka majani, akafunga kitambaa, akaendelea. Alikuwa na sukari huyu, lakini wakati ule hakutaka kuijua. Kilipoanza kunuka akaenda hospitali, wakamsafisha, wakampa vidonge, akarudi, kikatulia kidogo kikarudi vibaya zaidi. Wakampa vingine. Mara ya tatu daktari alimwambia kwamba vidudu vya kidonda hiki vimezoea dawa walizonazo, vinazila kama chakula, na kwamba asipokubali kukatwa chini ya goti vitapanda. Hakumwambia mtu siku ile. Alipanda bodaboda moja kwa moja kuja Ihembe kwangu.

Ilikuwa msimu wa senene. Uwanja mzima ulikuwa na wanawake na watoto wanachambua, wanatoa mbawa na miguu, wanatupa kwenye ungo, na harufu ya senene wakikaangwa ilikuwa imejaa mpaka barabarani. Ndiyo siku ya kwanza tangu Pasaka nilipopika ebitoke, kichane kimoja nilicholetewa na Mama Devota, ambaye hakuwa amenisamehe ila alileta. Byarugaba alikuja akichechemea kwa fimbo, na kabla hajafika harufu yake ilifika. Watoto walinyanyuka wakahama na ungo wao. Nilimkalisha ndani, nikampa chakula. Hakula.

"Dada, nimekuja kwa ile chupa."

"Chupa ipi?"

"Usinifanye mtoto. Kila mtu anajua iko chumba cha kahawa." Akafungua kitambaa. Sitasema nilichokiona, aliyewahi kuona anajua. "Pombe ya mtumbwi mzima, dada. Ndizi zote zile, mtama wote ule, na ile dawa ikasema usiive na haikuiva. Dawa inayoweza kusimamisha pombe inashindwaje kusimamisha mguu mmoja?"

"Inaua bila kuchagua. Nimeona kwa macho. Hata mnyoo haukubaki."

"Nami nilisimama ndani yake asubuhi nzima, umesahau? Mpaka vifundoni. Magaga yangu yakapona, muulize mke wangu. Imenidhuru nini?"

Nilitazama visigino vyake. Ni kweli vilikuwa laini. Na hapohapo wazo jingine likanipiga, ambalo sikumwambia siku ile na sikumwambia mpaka anakufa: labda ndiyo yenyewe. Labda ile siku kwenye mtumbwi wangu dawa iliua kitu fulani kwenye ngozi yake, kitu kizuri kilichokuwa kinamlinda kama minyoo inavyolinda udongo, na jembe lilipokuja likakuta mlango wazi. Sijui. Nilimuuliza Kokusima baadaye, akasema hajui naye.

"Mimi si mtu wa kukaa kwenye kiti," Byarugaba akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mguu huu ndio unaokanyaga pombe ya watu wote kuanzia Igurwa mpaka hapa. Wakiukata, mimi ni nani? Ni tone tu, dada. Ukitaka nitasema niliiba. Kokusima hatajua."

Nje wanawake walikuwa wameacha kuchambua, nikajua wanasikiliza. Mke wake, ambaye alikuwa amekuja nyuma yake kwa miguu, alikuwa amefika na kusimama mlangoni, kanga imejaa vumbi, ananitazama kwenye ncha ya kitenge changu pale penye fundo. Nilitaka kumpa. Msidhani mimi ni jiwe. Kidole changu kilikuwa tayari kimeanza kulifungua lile fundo. Ndipo nikauona mkono wangu, huu wenye kovu la kisu, jinsi unavyojua kufanya haraka, jinsi ulivyokuwa mwepesi kwa Mama Devota na mwepesi kwenye madumu. Nikaukalia. Kweli, niliuweka chini ya paja nikaukalia.

Nikamwambia, "Sikupi. Mkono huu umeshaua shamba na umeshaua pombe, na yote nilifanya kwa nia njema. Mguu wako siugusi."

Hakubishana. Alifunga kitambaa chake akikosea mafundo, akasimama. Mke wake ndiye aliyesema, taratibu, "Dada, utakula senene wako leo?" Wakaondoka. Sikula.

Walimkata kabla ya Krismasi. Kokusima alikuja akafungua chumba, akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Chini ilikuwa imetuama tope la kijani, na juu maji mepesi. Alisema imegeuka, hajui kama ilikuwa dawa au ilikuwa sumu au ilikuwa maji tu. Nikamuuliza, ingemponya? "Sijui, Bibi." Ingemuua? "Sijui." Nilitaka aniambie moja, yoyote. Ndiyo adhabu yangu, kuwa na mjukuu asiyesema asichokijua. Na ndiyo fahari yangu pia, niseme kweli.

Byarugaba aliishi miaka mingi kwa mguu mmoja. Alikuja kwangu, alikula kwangu, aliketi kwenye kigoda kando ya mtumbwi akiwaelekeza vijana jinsi ya kukanyaga na kuwatukana wakikosea. Neno la lawama halikutoka mdomoni mwake hata siku moja. Wakati mwingine alikuwa anaitazama tu miguu yao. Migomba nimeipanda upya, na kisu changu kinapita kwenye moto, mgomba mmoja, moto, mgomba mmoja, moto, hata wajukuu wakicheka. Mtumbwi wa baba tuliuchoma. Kokusima bado anafanya kazi ileile huko chuoni. Amebadilisha jani, amebadilisha kipimo, sasa anasema anajaribu kwenye ngozi inayooteshwa kwenye kisahani, na kwenye minyoo. Kila ninapomuuliza ananijibu neno lile nililolitupa mlangoni: bado. Siku hizi nalisikia lote. Na kila akija nyumbani anaacha chupa nyingine kwenye rafu, ufunguo unarudi kwenye kitenge.

Baada ya mazishi, matanga yalipokwisha, Deus alinifuata Ihembe. Ni mtoto wa mwisho wa Byarugaba, mtu mzima sasa, ana sura ya baba yake akiwa kwenye mtumbwi. Mama yake alikuja naye, akabaki kwenye pikipiki barabarani, hakushuka. Deus akasema, "Shikamoo shangazi," nikaitikia, nikamwambia akae, nikamtengea ebitoke na maharage. Hakula. Akavua kiatu, akavua soksi taratibu. Kidole gumba kilikuwa cheusi mpaka kwenye fundo, na harufu niliijua kabla hajainua mguu.

"Sukari?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Hospitali nimekwenda mara mbili. Shangazi, nasikia sasa imekuwa nzuri. Nasikia iko moja humo ndani."

"Aliyeitengeneza anasema bado."

"Kwa baba alisema bado. Baba amekufa, na bado ni bado." Akautazama mlango wa chumba cha kahawa. "Mimi si mgeni, shangazi."

Nilimwambia aite pikipiki nyingine, kwamba yeye, mama yake na mimi tutakwenda hospitali sasa hivi na nitakaa naye huko siku zote watakazomweka, na wakisema kidole, kitolewe kidole kabla haujawa mguu. Hakuinuka. Aliendelea kuutazama mlango, kisha mkono wangu, uliokuwa umekwisha kufika kwenye fundo la kitenge bila mimi kuutuma. Nikauweka chini ya paja.

"Sikupi. Mkono huu umeshaua shamba na umeshaua pombe, na yote nilifanya kwa nia njema. Mguu wako siugusi."